Aliyemsuka Namalwa

Jumatatu asubuhi Joyline alifungua kufuli ya stoo, akamkuta mama yake amesukwa nywele.

Mistari minne, imenyooka, kichwa kinang'aa mafuta ya nazi. Na ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja tu, ulilala kwenye sidiria ya Joyline.

"Mama, nani amekusuka?"

Namalwa akacheka kwa ufizi. "Si wewe?"

Joyline akaweka uji chini, akafunga mlango, akaenda kazini. Alikuwa amechelewa.

Wacha niitaje hiyo kazi, hata kama ni aibu. Kila siku alitoka Kinoo kwenda Loresho kumtunza bibi wa Kihindi aitwaye Chandrika, ambaye naye akili ilikuwa inampotea. Alimwogesha, akampaka mafuta ya nazi, akamsuka, akamlisha kijiko kwa kijiko. Wenye nyumba walimsifu, eti hana hasira hata kidogo. Mama aliyemzaa alikuwa Kinoo, kwenye stoo ya makaa.

Namalwa aliletwa kutoka Bungoma alipoanza kuinjika sufuria tupu na kusahau jina la marehemu mumewe. Obuya, mume wa Joyline, akasema, "Mama mkwe halali chini ya paa langu. Unataka tupatwe na laana?" Ni kweli, ndiyo desturi yetu. Lakini desturi inasema mama mkwe atafutiwe pa kulala kwa jirani, atandikiwe vizuri, achinjiwe kuku. Mambo ya stoo waliongeza wenyewe. Na kufuli ilikuja siku Namalwa alipoonekana kando ya barabara kuu, Waiyaki Way, akiwa na petikoti tu, akimwita ng'ombe wake aliyekufa zamani, na kina mama wa kanisa wakamwona.

Aliita sana siku hiyo. Nadhani kuna kitu kiliitika.

Hospitali walienda, nisiwasingizie. Walikaa kwenye foleni tangu alfajiri. Nesi akawaambia daktari wa akili huja mara moja kwa mwezi, na mwezi huu hakuja. "Ni uzee tu, mama. Mrudishe nyumbani." Akawapa vidonge vya kichwa.

Basi Namalwa akawa anagonga mabati kutwa. Sisi majirani tulisikia. Mimi niliongeza sauti ya redio.

Halafu kugonga kukakoma. Badala yake tukaanza kusikia maji yakimwagwa kwenye karai, na kijiko kikigusa bakuli, na mtu akibembeleza polepole, "Fungua mdomo, mama. Kidogo tu."

Jumatano hiyo Chandrika alipelekwa kwa daktari wake wa akili huko Hurlingham, mahali ambapo hata foleni ina viti vya sofa, kwa hiyo Joyline akaachiliwa mapema, akafika nyumbani jua la saa sita likiwa utosini. Harufu ya mafuta ya nazi ilimpokea langoni, akaifuata hadi nyuma ya nyumba, akaona kufuli imefungwa vile vile alivyoiacha, akainama akachungulia kwenye ufa wa mabati, na humo ndani akaona mwanamke amepiga magoti akimsuka mama yake, amevaa aproni ya buluu kama ile aliyokuwa ameivaa yeye mwenyewe wakati huo, na chini ya aproni, pale nyayo zingepaswa kuwa, kulikuwa na kwato mbili za ng'ombe, safi, hazina hata vumbi la makaa, na yule mwanamke akageuka taratibu, na uso ulikuwa wa Joyline, ila haukuwa umechoka, wala haukuwa na hasira.

Joyline alikimbia akiwa amejikojolea. Mimi ndiye niliyempa leso ya kujifunga.

Jumamosi wakamleta Mama Ajwang, mwombezi wa Kangemi, na kanzu yake nyeupe na ngoma yake. Obuya alisimama mbali, kwa kumheshimu mama mkwe, alisema. Ajwang akapiga ngoma mpaka jasho likamtoka.

"Toka!"

"Nitatoka," sauti ya Joyline ikajibu kutoka stoo, na Joyline alikuwa amesimama kando yangu, mdomo umefumba. "Kitana nimwachie nani?"

Ngoma ikanyamaza. Obuya akaangalia viatu vyake. Sisi wengine tukaangalia vyetu.

"Jibu, msichana wangu," Ajwang akanong'ona. "Hiki hakitoki bila jibu."

"Niachie mimi," Joyline akasema.

"Kwa sauti," ikasema ile ya stoo. "Wasikie hao waliokuwa wakinisikia."

Joyline akapaza sauti, analia. Mabati yakatikisika, kisha tukasikia kwato zikikanyaga kokoto, zikatupita katikati yetu, zikaelekea barabara kuu. Harufu ikaondoka nazo.

Joyline akachota maji ya moto, akachukua kitana, akafungua kufuli. Namalwa alikuwa ameketi kwenye godoro, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama timtim. Alipomwona akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mama. Joyline."

"Joyline ametoka sasa hivi. Hajanimaliza kichwa." Akatazama kufuli mkononi mwa binti yake. "Tafadhali, mama, usinifungie. Niitie mwanangu."

Joyline alipopiga magoti, Namalwa akageuzia uso barabarani, akaita kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe jioni. "Joyline! Joyline we!"

Na kutoka upande wa barabara kuu, wote tukasikia.

"Nakuja, mama."