Ndugu Zang'u Walimu

— Ndugu zang'u walimu, namshukuru Mung'u kwa kunifikisha hapa.

Sauti ilitoka kwenye spika ya kompyuta ikajaa darasa zima. Walimu wakatazamana. Wanafunzi waliokuwa wakichungulia dirishani wakaangua kicheko.

— Leo nitafundisha Kiing'ereza kwa wanafunzi wang'u...

— Izime! alinong'ona Mwalimu, yule mama aliyesimama mbele, mkono ukipapasa meza. — Injinia, mwanangu, izime!

Injinia hakusogea. Alikuwa bado anasoma uhandisi wa kompyuta chuoni, ila jina hilo lilimganda tangu alipofufua redio ya jirani iliyokwisha kufa. Na yule mama aliyekuwa akihangaika pale mbele alikuwa mama wa mpenzi wake. Maradhi yalimpofusha, akaachishwa kufundisha. Siku ile mkuu wa shule alikuwa amempa nafasi ya kuonyesha kwamba anaweza kurudi darasani, akisaidiwa na programu inayosoma maandishi kwa sauti.

Binti yake Mwalimu, anayeitwa Nesi kwa kazi yake, ndiye aliyekimbia mbele akaifunga kompyuta.

— Tutazungumza siku nyingine, Mwalimu, mkuu wa shule alisema, kwa upole ule unaouma kuliko matusi.

Nje kwenye varanda, Nesi alimgeukia Injinia.

— Si uliniambia wamekubali marekebisho yako?

— Walikubali... yaani...

— Yaani nini?

Injinia alitazama viatu vyake. Programu ile ilikuwa huria, mali ya kila mtu. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni, na yeyote anaweza kuurekebisha, mradi wasimamizi waikague kazi yake kwanza. Tatizo la awali la programu lilikuwa dogo: neno kama "ng'ombe" ililikata vipande viwili, kama mtu aliyepaliwa. Mwalimu alipolalamika mezani, Injinia alivimba kichwa mbele ya mpenzi wake. "Mama, hilo niachie mimi. Ni kazi ya asubuhi moja."

Kweli aliifanya asubuhi moja. Aliiamuru programu isome kila "ng" kama "ng'", akajaribu neno moja, likasikika vizuri, akaituma kazi. Ilipokataliwa, aliona haya kusema. Akamwekea Mwalimu toleo lake mwenyewe, akatangaza kwamba limepokelewa.

Nesi alikuwa ameshaupata ukurasa wa mradi wa programu hiyo kwenye simu. Akasoma kwa sauti:

— "Asante kwa mchango wako. Nahofia utaharibu maneno mengine. Tafadhali ongeza majaribio, nitafurahi kukusaidia." Huyu ni msimamizi. Na wewe ukamjibu hivi: "Hii ni lugha ya mama yangu. Usinifundishe kuongea."

Injinia alitamani ardhi ipasuke immeze.

— Mtu kakuonya, kakupa na mkono wa msaada, ukamtemea mate. Halafu ukaja nyumbani ukakaa karibu na mama yangu, ukala, ukapokea shukrani zake!

— Nilitaka unione wa maana.

— Nilikuwa nakuona wa maana. Hilo ndilo linaloniuma.

Jioni ujumbe ukaingia: "Usinipigie. Mama amejifungia chumbani, na mimi sina la kumwambia."

Injinia aliandika "Nisamehe", akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Chuoni, rafiki zake walipomwita "Injinia!" alihisi kama wanamzomea.

Mwishowe simu iliita, na aliyepiga alikuwa Mwalimu.

— Wewe, umekufa?

— Shikamoo, mama. Hapana, mama.

— Marahaba. Basi njoo uondoe uchafu wako kwenye kompyuta yangu. Au nijisomee magazeti kwa kupapasa?

Alikwenda. Nesi alimfungulia mlango bila salamu, akaingia jikoni. Mwalimu alikuwa ameketi wima kama yuko mbele ya darasa.

— Mama, sijui hata nianzie wapi.

— Anza na ukweli. Kosa halinitishi, nimesahihisha makosa ujana wangu wote. Lakini ulinipeleka mbele ya wenzangu nikiwa nimeegemea uongo, nami sina macho ya kuuona. Umenielewa?

— Nimekuelewa, mama.

Machozi yalimlenga. Alishukuru kwamba hayaonekani, kisha akajionea aibu zaidi kwa kushukuru jambo kama hilo.

Alirudisha toleo la zamani. Kisha, palepale kwenye meza ya Mwalimu, akafungua ukurasa wa mradi. Akaandika mbele ya ulimwengu mzima:

"Nilikujibu kwa kiburi na nilikosea. Mbaya zaidi, niliweka kazi uliyoikataa kwenye kompyuta ya mtu anayeitegemea, ikamvunjia heshima. Naomba radhi. Kama bado inawezekana, naomba kujifunza."

Jibu lilikuja kesho yake: "Pole kwa yaliyompata. Karibu. Tuanze na majaribio."

Hapo ndipo alipojua kwamba alichokuwa akikiita kazi kilikuwa mzaha. Alikusanya maneno: ngoma, ng'ambo, Mungu, ng'ang'ania, akaandika jaribio la kupima kama kila moja linasomwa sawasawa. Kumbe shida ilikuwa ile alama ndogo ya juu, ambayo programu iliidhania mwisho wa neno. Alituma, ikarudishwa. Akarekebisha, ikarudishwa tena. Kila iliporudi uso ulimwaka moto, lakini safari hii alijibu: "Sijaelewa hapa, nieleze." Siku kazi ilipopokelewa, jina lake likiwa pale hadharani, hakumtangazia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule.

— Mkuu, ile fedheha haikuwa ya Mwalimu, wala ya programu. Ni mimi. Nilidanganya.

Mkuu wa shule alivua miwani.

— Na umekuja kuniambia ili iweje?

— Ili umwite tena yeye. Mimi usiniite.

Mwalimu aliitwa, kompyuta yake ikiwa na toleo lililopokelewa. Injinia alibaki nje, nyuma ya ukuta, masikio wazi. Sauti ya kompyuta ilisoma somo lote, maneno yakatiririka kama maji, na watoto wakaitikia kwa pamoja. Kisha makofi. Kisha mkuu wa shule akisema:

— Jumatatu uanze, Mwalimu.

Injinia aligeuka aondoke kimyakimya, akagongana na Nesi.

— Unakimbilia wapi?

— Sikustahili kuwepo.

— Mkuu wa shule kaniambia ulikuja. Na ule ukurasa nausoma kila siku. Nimeona ulivyokuwa ukirudishiwa kazi na kuuliza.

Injinia hakuweza kuinua uso.

— Bado umenikasirikia?

— Sana. Lakini nimechoka kukukasirikia kwa mbali.

Nesi alimshika kidevu, akamwinua uso amtazame.

— Nikuulize kitu. Siku nyingine ukishindwa na jambo, nitalisikia kwa nani?

— Kwangu. Nikiwa bado nashindwa.

Nesi alimkagua usoni kama anayepima homa. Kisha akamshika mkono, akamvuta ndani ya lile darasa, ambako Mwalimu alikuwa akimuulizia.