Kilio cha Winny

Kila jioni alipotoka shuleni, Winny alivua sare, akala githeri iliyobaki, kisha akapanda ngazi hadi paani kuanua nguo. Katika mtaa wao wa Pipeline, paa la ghorofa ni uwanja wa kila mtu, pamoja na matangi ya maji na kamba za nguo. Lakini Winny alikuwa na sababu nyingine ya kupanda. Alifanya mazoezi ya kuigiza, na mama yake hakujua.

Mama Winny, aliyehudumia wateja katika hoteli moja Soko la Burma, alikuwa na neno moja tu kuhusu mambo hayo: masomo kwanza. Basi kila Jumamosi Winny alidai anaenda kwa rafiki yake Kawsar kufanya hesabu, kumbe yuko ukumbini mtaa wa Fedha na kikundi cha maigizo cha Mwalimu Ndambuki. Hesabu gani hizo za kumrudisha mtu nyumbani akiimba! Mama alimwamini, na jambo hilo lilimchoma Winny moyoni.

Sasa alikuwa amepewa nafasi ya kuigiza mama aliyefiwa na mtoto. Shida ilikuwa sauti.

"Winny, kilio chako hakifiki hata safu ya pili," mwalimu alimwambia. "Jumamosi usiposikika hadi nyuma, itabidi nimpe mwingine."

Alhamisi hiyo hapakuwa na mtu paani. Winny alikumbuka jinsi nyanya yake alivyolia kule Siaya babu alipofariki. Akaweka mikono kichwani, akavuta pumzi, akaachilia: "Uuuwi! Uuuwi! Mtoto wangu! Umeniachia nani?" Akarudia mara tatu, mara nne, hata machozi ya kweli yakamtoka. Alifurahi mno.

Alichosahau ni kwamba kwa majirani zake kilio cha namna hiyo si mchezo. Wakikisikia, hawaulizi maswali. Wanakuja.

Aliposhuka na karai la nguo, alikuta viti vya plastiki vimepangwa mlangoni kwao, maana ndio mlango uliokuwa karibu zaidi na paa. Mama Kawsar alikuwa ameshika chupa kubwa ya chai. Mzee Jackton, mstaafu wa reli aliyeishi ghorofa ya chini, alikuwa amevua kofia. Kabla Winny hajafungua kinywa, mama yake alitokea kwenye ngazi akitoka kazini. Aliona viti. Aliona kofia ya mzee mkononi. Mfuko wa sukuma wiki ukamponyoka.

"Ni Winny?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Niambieni. Ni mtoto wangu?"

"Mama, niko hapa!"

Mama alimkumbatia asimwachie.

"Sasa aliyelia huko juu ni nani?" Mzee Jackton aliuliza.

"Labda ni watu wa jengo la pili," Mama Kawsar akasema.

Uongo ulikuwa umeletwa tayari. Kilichobaki ni kuitikia kwa kichwa. Winny alijua kwamba akikiri, huenda kuigiza kumekwisha. Lakini alisikia moyo wa mama yake ukidunda, akashindwa kudanganya.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa naigiza. Na Jumamosi huwa siendi kufanya hesabu, Mama. Nisamehe."

Mzee Jackton ndiye aliyecheka kwanza. "Masikio yangu yaliharibiwa na honi za treni. Mke wangu hunipigia kelele akiwa kando yangu! Lakini leo nimekusikia nikiwa kule chini."

Mama hakucheka. Alikaa kwenye kiti kimoja, akamshika Winny mikono. "Kuigiza hakujaniudhi, mwanangu. Lakini ungepatwa na jambo Jumamosi, ningekutafuta kwa kina Kawsar, nawe hupo."

Winny alilia, safari hii bila kuigiza.

"Utapita kila mlango uombe msamaha," mama alisema. "Jumamosi nitaomba ruhusa kazini, twende wote nimwone huyo mwalimu."

Chai ilikuwa tayari, kwa hiyo waliinywa.

Jumamosi mama aliketi safu ya mwisho kabisa. Winny alipomaliza kulia, mama alikuwa anajipangusa macho kwa leso, na Mwalimu Ndambuki hakutafuta mwingine.

Wakirudi nyumbani, mama alimshika mkono. "Jukwaani nidanganye utakavyo, mwanangu, mpaka nilie. Nyumbani niambie ukweli, hata kama unaogopa nitakataa."