Kamba ya Zizini

Kila Jumapili, baada ya supu ya tambi, Babu Diedrich alifungua Biblia kubwa aliyotoka nayo Ujerumani akanipa nisome ukurasa wa ukoo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mimi na mdogo wangu Anton tulilelewa na babu na bibi tangu wazazi wetu walipofariki. Ukurasa ule niliujua kwa moyo: siku waliyofika Nebraska, huku Marekani, ekari walizopewa, watoto watano waliowazaa.

"Kaspar, miaka minane, homa, Januari 1873," nilisoma.

Hapo Bibi Gesine aliinuka kwenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Ndivyo alivyofanya kila Jumapili.

Mchana huo Babu alisinzia kitini, na nje dhoruba ya theluji ilikuwa ikivuma. Nilichukua kiko chake cha tumbaku, cha kauri, nimtazame paa aliyechorwa juu yake. Kikaniponyoka, kikavunjika vipande vipande. Babu akaamka.

"Nani?"

"Anton," nikasema, bila hata kumeza mate.

"Siyo mimi, Babu! Hedwig muongo huyo!"

"Umevunja, na bado unamsingizia dada yako! Nenda zizini ukawape ng'ombe majani."

Kwetu, majira ya baridi, kamba hufungwa kutoka mlangoni hadi zizini, na mtu huenda ameishika ili asipotee kwenye theluji. Babu aliifungua pale mlangoni akaitupa nje.

"Mtoto msema kweli hapotei njia," alisema. Akamsukuma Anton nje, akatia komeo. Anton alikuwa na miaka minane.

Sahani ilimponyoka Bibi mkononi.

"Diedrich! Maneno yaleyale uliyomwambia Kaspar!"

"Nyamaza, mwanamke."

"Nimenyamaza miaka ishirini, inatosha! Homa gani? Mwanangu tulimwokota theluji ilipoyeyuka, hatua kumi tu kutoka mlango huu!"

Nikasimama mbele ya Babu. "Mimi ndiye niliyevunja, Babu. Mimi."

Nilingoja mkanda. Babu hakunyanyua mkono, alikaa tu akiutazama mlango. Bibi alikwisha kujifunga kiunoni kamba ya kuanikia nguo, akanipa ncha yake.

"Shika. Ukiiachia, umetuua wote wawili."

Akatoka. Kamba ilinipita viganjani ikinichuna, na niliita jina la Anton mpaka sauti ikakauka. Mwishowe kamba ikatikiswa mara mbili. Nilivuta, na nyuma yangu Babu naye akashika akavuta.

Anton alirudi hai, mgongoni kwa Bibi. Daktari alimkata vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyokufa kwa baridi. Nilimsikia akilia tangu kisu kilipoanza hadi kilipomaliza, maana Bibi alikataa nitoke chumbani.

Jumapili iliyofuata Bibi aliiweka Biblia mbele yangu, pamoja na wino.

"Futa hiyo homa. Andika ukweli."

"Gesine," Babu akasema, "ukurasa huu watausoma wajukuu wa wajukuu zetu."

"Ndiyo maana." Akanigeukia. "Sikiliza, mjukuu wangu. Babu yako alidanganya ili asionekane na kosa, na mimi nikamsaidia kwa kunyamaza. Wewe ulidanganya ili usichapwe. Na waliolipa ni watoto wa miaka minane ambao hawakufanya lolote. Kosa lako libebe mwenyewe, hata likikuumiza. Ukimtwika mwenzako, hujui litamfikisha wapi."

Niliandika: *Kaspar, miaka minane, alitolewa nje bila kamba na baba yake.* Babu aliinamisha kichwa. Nikataka kuiweka kalamu chini.

"Bado," Bibi akasema.

Nikaandika: *Anton, vidole viwili, kwa uongo wa dada yake Hedwig.*

Tangu siku hiyo sikusoma tena. Msomaji wetu wa Jumapili alikuwa Anton. Aliifuata mistari kwa ule mkono wa kulia, na alipofika kwenye jina langu alisoma polepole, asiruke hata neno.