Udongo wa Duara

Wiki ya tatu ilikuwa inaisha na ukuta haujakauka. Kiangazi kile cha mwaka sabini na tano, jua la Bukombe lilikausha hata mate mdomoni, lakini ukuta wa chumbani kwa Stanslaus ukiugusa, kidole kinazama.

Aliukandika mwenyewe. Walipohamishiwa kijiji kipya walijenga harakaharaka, kwa fito mbichi, na masika ya kwanza tu ukuta ukapasuka. Na nani asiyejua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta? Mkewe Melania alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kwanza ziliharibika, na Stanslaus alikuwa ameapa kuwa huyu wa tatu hatazaliwa kwenye nyumba yenye nyufa. Udongo wa kukandikia ni wa kichuguu, ila vichuguu vya karibu watu walishavimaliza. Basi yeye, mjuaji, akaenda kwenye duara, lile shimo la dhahabu la enzi za mkoloni lililomfukia mchimbaji likaachwa hivyohivyo, akazoa udongo wake mwekundu, laini, unaonata. Wenzake hawakuwa wakiugusa. Alidhani ni uvivu.

Ikaja harufu: jasho la mwanamume na moshi wa koroboi, mchana kweupe, koroboi yao ikiwa imezimwa. Kisha mlio. Ngo. Ngo. Ngo. Ilikuwa sururu, ndani ya ukuta usiozidi unene wa kiganja, ikigonga tangu wanapokunywa uji hadi kuku wanaporudi bandani, ikinyamaza Stanslaus akitega sikio na kuanza tena akigeuka, mpaka mtungi wa maji ukawa unakauka wenyewe huku ukuta ukizidi kutota, mpaka yeye, mtu mzima aliyewahi kufukuza fisi kwa fimbo, akawa anaogopa kuingia chumbani kwake kuchukua shati. Melania peke yake hakuogopa. Alishinda ameuegemea ukuta ule, akisema unanukia mvua ya kwanza.

Akaitwa Mzee Maganga, mganga wa Ushirombo. Aliunusa ukuta mara moja tu, akamvuta Stanslaus uani.

"Udongo huu una mwenyewe," alinong'ona. "Jini lililomfukia yule mchimbaji limo humu, linachimba litoke. Urudishe wote shimoni. Ikibaki punje, limebaki."

"Nitaurudisha, baba."

Akakwangua kutwa nzima kwa jembe bovu, akafagia, akaosha hata kucha zake juu ya karai, akaupakia kwenye mkokoteni na kuurudisha duarani. Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Fito zilikuwa wazi, upepo unapita, naye akacheka kwa raha kama mtoto. Hata harufu ilikuwa imekwisha.

Alimkuta Melania ameketi kitandani, hamtazami. Midomo yake ilikuwa na wekundu pembeni.

"Baba," alisema polepole, "unajua sisi wenye mimba tunavyotamani udongo. Nilikuwa namega kidogo. Kila asubuhi."

Stanslaus alipiga magoti, akaweka sikio tumboni mwa mkewe, akiomba moyoni asikie teke la mtoto kama jana na juzi.

Ngo. Ngo. Ngo.

Jembe bovu bado lilikuwa mkononi mwake, na hapakuwa na pa kukwangua.