Weris Anunua Kompyuta

Asubuhi katika mtaa wa Galbet, mjini Garissa, watu walizoea kusikia mbuzi wakipelekwa sokoni, na baada yao taipureta ya Weris. Ta-ta-ta, ta-ta-ta, krrr! Weris alikuwa mpiga chapa. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba na kilitazama barabara. Walimu walimletea mitihani. Wafanyabiashara walimletea barua. Akisema kazi itakuwa tayari saa kumi, basi saa kumi ilikuwa tayari. Watu walimheshimu kwa hilo, naye aliipenda heshima hiyo, pengine kupita kiasi.

Mwaka wa 1997, jirani yake Hinda, aliyefanya kazi hiyohiyo, alinunua kompyuta. Ilikuwa sanduku la bati la rangi ya maziwa, lisilo na jina lolote usoni. Fundi wa Nairobi aliiunganisha kwa vipande vya kawaida huku Hinda akitazama. Weris alikwenda kuiona. Alikuta wateja wamejaa chumbani.

"Abaayo, dada yangu Hinda," akasema kwa sauti, "hii ni kompyuta au debe la samli? Hata jina haina! Mimi siku nikinunua, nitanunua kompyuta ya kweli."

Wateja wakacheka. Hinda hakucheka. Aliendelea kuchapa, kichwa ameinamisha.

Mume wa Weris aliitwa Guled. Alikuwa mfanyabiashara wa ngamia, mtu wa maneno machache. Weris alipomwambia kwamba anataka kompyuta, hakubisha. Aliuza ngamia wake wawili, kisha wakasafiri pamoja hadi Nairobi.

Waliingia katika duka lenye vioo kila upande. Kompyuta iliyowekwa mbele ilikuwa nyembamba, nyeusi, inang'aa kama kiatu kipya. Weris aliipenda papo hapo.

"Hii ni ya maonyesho tu, mama," akasema muuzaji. "Yako itatoka ng'ambo. Lipeni yote leo, na baada ya wiki mbili itakuwa Garissa."

Guled aliizunguka ile mashine kama anayetazama ngamia sokoni. Akauliza, "Kijana, ikiharibika, nani ataitengeneza?"

Muuzaji akacheka. "Mzee, hiki ni kitu kipya. Kitu kipya hakiharibiki."

Weris aliona haya kwa ajili ya mumewe. Akamvuta mkono wa kanzu. "Guled, usituaibishe. Hapa si sokoni."

Wakalipa pesa zote. Risiti iliandikwa bei tu. Siku ya kufika mzigo haikuandikwa.

Waliporudi nyumbani, Weris aliiuza taipureta yake kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda Liboi. Guled alisimama mlangoni akiitazama ikipakiwa kwenye lori.

"Waswahili husema, usiache mbachao kwa msala upitao," akamwambia mkewe. "Ungeingoja kwanza hiyo mpya."

"Wiki mbili tu, Guled. Nitaifanyia nini taipureta?"

Wiki mbili zikapita. Mwezi ukapita. Weris alikwenda kwenye kibanda cha simu karibu na posta, akapiga Nairobi.

"Mzigo uko bandarini, mama."

Mara nyingine akaambiwa, "Umetoka bandarini, lakini karatasi bado."

Halafu, "Piga wiki ijayo."

Chumba cha kazi kikanyamaza. Wateja walipouliza, Weris aliona aibu kusema ukweli. Akawaambia, "Kompyuta iko ndani. Bado naipanga."

Basi Jumatano moja akaja Mwalimu Yahye, mkuu wa shule ya msingi ya hapo jirani. Alibeba karatasi za mtihani wa majaribio wa darasa la nane. Zilitakiwa zichapwe kwenye stensili, ile karatasi ya nta, kisha zirudufiwe shuleni.

"Nimesikia una kompyuta mpya," akasema. "Nikasema, kazi hii ni ya Weris. Mtihani ni Jumatatu."

Hapo ndipo angesema ukweli. Lakini alimwona Hinda akipita barabarani. Weris akatazama pembeni.

"Ziache, Mwalimu. Zitakuwa tayari, inshallah."

Kila siku alipiga simu Nairobi. Kila siku jibu lilikuwa lilelile. Jumapili jioni Mwalimu Yahye alibisha hodi. Weris alikimbilia nyuma ya pazia.

"Mwambie sipo," akamnong'oneza mumewe. "Tafadhali, Guled. Mwambie nimekwenda kwa dada yangu."

Guled alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na hilo lilimuuma Weris zaidi.

"Mimi sitasema uongo mlangoni pangu," akajibu. Akafungua mlango. "Karibu, Mwalimu. Weris yuko ndani. Kompyuta haijafika. Haijawahi kufika. Mtihani haujachapwa."

Nyuma ya pazia Weris alifumba macho. Alisikia karatasi zikikusanywa mezani, taratibu, moja juu ya nyingine.

"Angeniambia Jumatano," Mwalimu Yahye akasema, "ningezipeleka kwingine."

Jumatatu Weris alikuwa akienda sokoni. Njia ilipita kando ya shule. Alichungulia dirishani, akaona walimu wakiandika mtihani ubaoni kwa chaki. Watoto wa nyuma walikuwa wamesimama, wamekunja nyuso ili waone. Msichana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, hiyo ni tatu au nane?" Weris alijifunika mtandio hadi machoni. Alirudi nyumbani bila kufika sokoni.

Baadaye mwezi huo mvua kubwa ikaanza. Mto Tana ukafurika, barabara ya Nairobi ikakatika. Sasa kila mtu alisema, "Kompyuta yako imezuiwa na mvua, masikini." Weris aliitikia kwa kichwa. Lakini moyoni alijua. Kama mzigo ungeletwa siku ilipoahidiwa, mvua ingeukuta umeshafika.

Kompyuta ilifika pamoja na printa yake baada ya barabara kutengenezwa, mwaka mwingine umeshaanza. Ilikuwa nzuri kama ile ya dukani. Weris alianza kazi, na wateja wachache wakarudi. Kisha mchana mmoja stima ikapotea mtaani. Iliporudi, ilirudi kwa nguvu. Kompyuta ikatoa mlio mdogo, tk, na harufu ya kuungua. Haikuwaka tena.

Weris aliifunika kwa kitambaa. Mteja wa kwanza akaambiwa, "Karatasi zimeisha." Mteja wa pili akaambiwa, "Kichwa kinaniuma." Aliposikia sauti yake ikisema uongo wa pili, alichoka. Alivaa viatu akaenda kwa Hinda, jua likiwa la utosini na barabara haina mtu.

Hinda alikuwa peke yake. "Karibu," akasema, bila tabasamu.

Weris hakukaa. "Hinda, kompyuta yangu imekufa. Sijui la kufanya. Lakini kwanza nataka kusema jambo jingine. Niliidharau mashine yako mbele ya wateja wako. Nilikukosea. Nisamehe."

Hinda alimtazama usoni. "Wallahi, siku ile nililia," akasema. "Nilikaa chumba cha nyuma nikalia. Watu waliniita Hinda wa Debe hadi Ramadhani." Akavuta pumzi. "Haya. Nimekusamehe. Twende tukaione."

Alichukua bisibisi akaenda naye. Aliigeuza ile kompyuta nyeusi huku na huku. Skrubu zake hazikuwa za kawaida. Ilibidi amtume Guled kuazima bisibisi nyingine kwa fundi wa redio. Ilipofunguka, harufu ya kuungua ikajaa chumbani.

"Kilichoungua ni hiki," Hinda akasema. Alionyesha kijisanduku kilichopinda kama ndizi. "Hiki hupokea stima na kuigawa ndani. Kwangu kiliungua mwaka jana. Nilinunua kingine Nairobi, duka lolote wanacho. Nikabadilisha mwenyewe."

"Basi tununue," Weris akasema.

"Tutanunua wapi? Tazama umbo lake. Kimetengenezwa kwa kompyuta hii peke yake. Cha kawaida hakiingii humu."

Walikwenda pamoja kwenye kibanda cha simu. Muuzaji akajibu, "Kipande hicho kinaagizwa ng'ambo. Labda miezi minne."

Weris alirudisha simu polepole. "Guled aliuliza," akasema. "Aliuliza palepale dukani, ikiharibika nani ataitengeneza. Nikamwambia anatuaibisha."

"Basi alikuwa na akili kutushinda sote wawili," Hinda akasema. "Mimi nilijifunza kwa hasara. Printa yangu ya kwanza niliilipia yote, nikaingoja hadi nikakonda. Nilipouliza, waliniambia sina siku iliyoandikwa. Tangu hapo nalipa sehemu kwanza, na nyingine mzigo ukiwa mezani kwangu, unafanya kazi. Siku ya kufika iandikwe kwenye risiti, na ikipita nirudishiwe pesa zangu. Na dhamana pia iandikwe. Ikiharibika, nani ataitengeneza, na atachukua muda gani?"

"Na mashine ifunguliwe mbele yako?"

"Ifunguliwe. Muuzaji akikataa kuifungua, ondoka. Muulize kila kipande kinauzwa wapi. Akitaja maduka matatu, vizuri. Akisema ng'ambo, jua utakaa miezi bila kazi. Sisi tuko Garissa, abaayo. Vumbi lipo, stima inacheza. Hapa kila mashine itaharibika siku moja. Swali ni kama itatengenezeka."

Walisafiri Nairobi, Weris na Hinda. Muuzaji wa duka la vioo alikataa kurudisha pesa. Aliinunua tena ile mashine kwa bei ya kutupa, na Weris akaimeza hasara. Lakini Hinda alimshauri asiuze kila kitu. Kioo cha kutazamia, kibodi na printa vilikuwa vizima, na viliweza kutumika na sanduku la kawaida.

Katika duka dogo la ghorofani, Weris aliuliza maswali yote. Mengine aliuliza mara mbili, hata fundi akacheka. Safari hii hakuona haya kuuliza. Sanduku lilifunguliwa mbele yake. Aliandikiwa dhamana na siku ya kufika. Alilipa sehemu. Alinunua pia stabilaiza, kifaa cha kutuliza stima inapopanda na kushuka. Sanduku likafika Garissa kwa basi, siku moja kabla ya ile iliyoandikwa. Lilikuwa la bati, rangi ya maziwa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa bado. Weris alikwenda shuleni kwa Mwalimu Yahye. Alisimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mwalimu, nilikudanganya. Watoto wako waliumia kwa sababu yangu. Nimekuja kuomba msamaha."

Mwalimu Yahye alivua miwani. "Wengine walikosea hesabu ubaoni. Walilia. Sitaki nikufiche hilo."

"Nalijua, Mwalimu."

Hakumpa mitihani siku ile. Hakumpa hata mwezi uliofuata. Baadaye alimletea jaribio fupi la darasa la nne, ukurasa mmoja. Weris alilichapa jioni hiyohiyo akampelekea mwenyewe. Kisha ukaja mtihani wa muhula. Katikati ya kazi, mashine ikazimika. Weris hakujificha. Alimtumia Mwalimu habari mara moja: "Kompyuta imeharibika. Kipande kinakuja na basi la kesho. Kama una haraka, Hinda atakuchapia." Mwalimu akajibu kwamba atangoja. Kipande kilikuja, Weris akafungua skrubu, akabadilisha kwa mikono yake, na mtihani ukawa tayari kabla ya siku yake.

Tangu hapo yeye na Hinda walipeana kazi. Mmoja akikwama, mwingine alichapa.

Siku moja alikuja mtu kutoka Lafey, jina lake Nuh. Alikuwa na duka la dawa na alitaka kununua kompyuta. Mfukoni alikuwa na picha ya mashine nyeusi, nyembamba, ya kupendeza.

"Dada, wewe unazijua," akasema. "Hii ni nzuri?"

Kulikuwa na wateja wengine chumbani. Weris alisita kidogo. Kisha akavuta kiti akaketi karibu naye.

"Nuh, ndugu yangu, mimi nilinunua kama hiyo," akasema. "Nikasema uongo, nikajificha nyuma ya pazia, na watoto wakafanya mtihani ubaoni. Sikiliza, nikueleze yote."

Akamweleza tangu mwanzo, na watu wote wakasikia. Uso wake uliwaka moto kwa aibu, lakini hakuinama. Alipomaliza, Nuh aliikunja ile picha akairudisha mfukoni, akaomba kalamu ili aandike maswali ya kwenda nayo dukani.