Barua Yenye Muhuri Mwekundu

Kila Jumatano baada ya shule, Felisia alimsaidia mama yake, Albina, kufunga marobota ya nguo katika ofisi ya mizigo ya Mzee Thadeo, mtaa wa Sanyuanli nchini China. Jumatano hii alikosea mafundo mara tatu. Maombi ya chuo cha udaktari yangefungwa kesho yake saa sita mchana, naye bado alihitaji barua moja ya mtu wa kumpendekeza.

"Kamwombe mwalimu wako wa kemia," alisema Mama.

"Mwalimu Haidar? Mama, mwaka jana alinikamata nimenakili matokeo ya jaribio!"

"Basi achana naye. Si tuna laoban, bosi wetu, hapa hapa? Barua ya bosi ina uzito wake."

Mzee Thadeo hakuwa na hiyana. Alivuta droo, akatoa karatasi iliyokwisha kugongwa muhuri mwekundu. Karatasi kama hizo alikuwa nazo tele. Wateja walijijazia orodha za mizigo yao, naye wala hakuzisoma.

"Jaza mwenyewe, mwanangu. Mimi najua marobota tu."

Felisia akajaza, tena kwa mbwembwe. Aliandika kwamba Mzee alimwona akihudumia wagonjwa zahanati kwa miaka miwili. Zahanati yenyewe haikuwapo. Akaipiga picha barua, akaituma chuoni.

Saa moja haijapita, simu ya Mzee Thadeo ikalia. Akaiweka kwenye spika.

"Nahakiki barua ya Felisia," alisema ofisa wa chuo. "Alihudumu zahanati gani?"

Mzee alimkodolea macho Felisia. "Zahanati? Mimi... nasafirisha mizigo."

Mama Albina alimkonyeza bintiye: taja yoyote! Lakini Felisia akidanganya tena, mzee wa watu naye angelazimika kudanganya. Akaichukua simu.

"Samahani. Barua niliiandika mimi. Mzee hakuisoma."

Kisha ofisa akasema, "Naifuta. Kesho saa sita nisipopata barua ya anayekufahamu kweli, nafasi yako imekwisha."

Felisia alikimbilia metro, treni ya mjini, akarudi shuleni. Alimkuta Mwalimu Haidar akifunga maabara, akamwamkia, akamweleza yote bila kuficha. Aibu ilimchoma mpaka machozi yakamtoka. Mwalimu hakumgombeza. Alifungua maabara tena, akaketi, akaandika:

"Felisia aliwahi kunakili matokeo. Nilipomuuliza, alikiri, akarudia jaribio siku nne mpaka akafaulu. Leo amekosea tena, na amekuja mwenyewe kusema. Nikiugua, ningependa nitibiwe na mtu asiyeficha kosa lake."

Kesho yake saa tano, ofisa aliyepokea barua hiyo alimpigia Mwalimu. Mama Albina na Felisia walisimama mlangoni mwa maabara, wameshikana mikono. Mwalimu alijibu swali baada ya swali, hakusita hata mara moja, kisha akaweka simu mezani.

"Ameitwa kwenye usaili."

"Pamoja na makosa yote uliyoyataja?" Mama alishangaa.

"Mama Felisia, niliyataja kwa sababu nayajua, kama ninavyoyajua mazuri yake," alisema Mwalimu Haidar. "Mkitafuta mtu wa kumsemea mtoto, tafuteni anayemjua, si anayejulikana."