Mfereji wa Bati wa Jachen

Jioni ile Menga aliingia kanisani kupiga kengele kwa niaba ya mumewe. Jachen, mtunza kanisa, alikuwa bado juu ya ngazi kule nje, akimalizia mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa. Wiki nzima alijigamba: safari hii mvua haitalowesha kuta. Kila zilipolowa, chokaa ilibambuka, na wale watakatifu waliochorwa ukutani, waliofichwa kwa chokaa tangu kijiji kilipoacha Ukatoliki, wakachungulia. Mchungaji alikuwa akinuna.

Mvua ilianza. Ndani, kwa sababu ya vidirisha vyembamba na kuta nene za mawe, giza lilikuwa limeshatanda. Menga akashika kamba.

Ts... ts... ts...

Kama kichanga anayenyonya titi kavu.

Harufu ya maziwa yaliyochacha ikamjaa puani. Kifua chake kikalowa. Maziwa! Ila mtoto wake alizaliwa amekufa, na mwaka ulishapita.

Alitoka mbio.

"Jachen! Ng'oa hilo bati!"

"Una wazimu, mwanamke? Mgongo umenikatika kwa hili bati!"

"Na watoto je? Maji yatawafikiaje?"

Jachen akanywea. Pale chini ya ukingo wa paa ndipo kijiji kilipozika watoto waliokufa bila ubatizo, ili mvua inayotiririka kutoka paa la kanisa iwabatize. Mchungaji aliuita ushirikina. Kina mama hawakubishana naye; walizika tu.

Menga alimshusha mumewe, akapanda mwenyewe, akalivuta bati mpaka likaanguka kwa kishindo. Maji yakamwagika kwenye nyasi.

Kimya.

"Haya, mwanangu," alisema, akicheka huku analia. "Kunywa."

Ts... ts...

Bado. Tena ndani.

Waliingia wote wawili. Sauti ilitoka kwenye mlango wa kaskazini, ule uliozibwa kwa mawe tangu enzi za mababu. Kwa chini, chokaa yake ilikuwa mpya.

"Jachen," Menga alinong'ona. "Ulimzika wapi?"

"Mchungaji alikuwa dirishani kwake akitazama nje, mke wangu... Angeniona, ningefukuzwa..."

"Nimekuuliza wapi!"

"Humo." Jachen alitazama chini. "Ndani ya ukuta."

Pakavu. Mahali ambapo mvua haitafika milele.

Menga alihisi uchungu ule ule wa siku ya kujifungua. Akapiga magoti, akafungua vifungo vya gauni, akabandika titi kwenye jiwe.

Ts... ts...

Kisha kitu kikameza.